Nyumba Yangu Ilikuwa Nzuri Jumatano, Jumatatu Haikufaa Watu

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi,
Mfuko wa Serikali wa Nyumba Kuukuu,
Ghorofa ya tatu (lifti haifanyi kazi),
Kampala.

Mheshimiwa Mkurugenzi, mwanangu,

Salaam aleikum. Kama wewe si Mwislamu ipokee vilevile, amani haiulizi mtu dini yake. Natumaini umeamka salama, umekunywa chai, na umeketi mahali pakavu. Hapo pa kuketi pakavu ndipo ilipo shida yangu.

Mimi ni Zubaida binti Zaid, wa Kasubi. Shule sikwenda hata siku moja, kwa hiyo maneno haya ni yangu na mkono ni wa Ajwang. Ajwang ni Mjaluo wa Kisumu, anauza mapazia ya mitumba katika soko la Owino, na amepanga chumba changu cha nyuma mwaka wa tisa sasa. Alipokuja alikuwa ananilipa kodi na kunisalimia kwa adabu. Siku hizi kodi analipa, ila ananiambia nile nini, nivae nini na nisimtukane nani. Amenionya niwe mpole katika barua hii, nami nimemwahidi. Ukiona mahali nimekuwa mpole kupita kiasi, ujue ameongeza yeye.

Kisa chenyewe ni nyumba. Niliingia humu nikiwa bibi harusi. Mume wangu, marehemu Mwalimu Usama, alisomesha watoto Kurani katika chumba cha mbele, na katika chumba hicho hicho ndipo alipooshwa alipofariki. Lakini nyumba si yangu, tumepanga tu maisha yetu yote. Ni ya ukoo wa Bashir, na Bashir ameamua kuiuza. Kijana mzuri, hana kelele. Alikuja, akaketi, akazungusha kikombe mpaka chai ikapoa, ndipo akasema kwamba yupo mtu anayetaka kuivunja ajenge hosteli ya wanafunzi. Kwa heshima ya marehemu, akasema, atanisubiri mimi kwanza mpaka mwezi wa Ramadhani uandame. Nikinunua, nibaki. Nikishindwa, nihame, tingatinga liingie.

Ndipo Hindu, mjukuu wangu ninayekaa naye, akasikia habari zenu redioni: kwamba serikali inasimama mdhamini, benki inatoa fedha, na mtu wa kipato kidogo anapata mkopo mmoja wa kununua nyumba kuukuu na kuitengeneza. Mheshimiwa, nilipiga vigelegele peke yangu jikoni. Kuukuu? Kama ukuukuu ni mali, basi mimi ni tajiri wa Kasubi nzima. Nikaomba. Sasa nalalamika, tena kwa namba, ili usije ukasema hukuelewa nilianzia wapi.

LALAMIKO LA KWANZA ni kwamba mkaguzi wenu wa kwanza alipiga simu.

Alipiga kusema atakuja Jumatano kuitazama nyumba. Sasa nakuuliza, wewe uliyezaliwa na mwanamke: unamwambiaje mama mwenye nyumba kwamba mgeni anakuja keshokutwa, halafu utegemee kuikuta nyumba mbovu? Tulifanya kama watu tuliolelewa. Tulipaka chokaa ukuta wa mbele. Tuliazima kwa jirani vile viti vya kitambaa anavyovitoa wakati wa posa tu. Chumba cha mbele kina ufa unaoanzia darini mpaka karibu na sakafu. Ajwang alileta kutoka kibandani pake pazia la maua, refu kama mlango, akalitundika hapo, na ukuta ukapata dirisha ambalo haujawahi kuwa nalo. Upande wa nje wa ufa huo huo tukasimamisha godoro, kana kwamba tunalianika juani. Penye kuvuja tukaweka birika kubwa la shaba la marehemu mama yangu, likakaa kama pambo. Nikafukiza udi mpaka harufu ya unyevu ikakimbia yenyewe. Nikapika pilau.

Akala. Akasifu. Akala tena. Jasho lilipomtoka akaomba lile pazia lifunguliwe hewa iingie, na Ajwang bila kupepesa jicho akamwambia kwamba upepo wa upande ule unaniletea kifua. Nikakohoa kidogo nisimwangushe mwenzangu. Kijana akaridhika. Akatembea nyumba nzima, mikono mgongoni, akitikisa kichwa kwa furaha, akaondoka na hotpoti ya pilau ya kumpelekea mama yake. Baadaye mkaniletea jibu: nyumba ni nzuri, imetunzwa vyema, haihitaji matengenezo, na Mfuko wenu ni wa nyumba kuukuu tu. Nimenyimwa.

Simlaumu kwa kula. Tungejisikia vibaya kama asingekula. Ninacholaumu ni kwamba mtu mzima alipita nje akaona godoro, akaingia ndani akaona pazia, na hakujiuliza ni dirisha gani hilo linalozibwa na godoro. Kuinua pazia tu, kwa vidole viwili! Mlimtuma kukagua au kuposa?

LALAMIKO LA PILI ni Bi Nafuna, na yeye hakupiga simu.

Tulipokata rufaa mkamtuma yeye, Jumatatu, mvua inapiga. Safari hii hatukuficha kitu, na hata tungetaka tusingewahi. Mabeseni yalikuwa sakafuni yote, pamoja na sufuria ya ugali. Nilimwonyesha boriti ambayo mchwa wameimaliza ikabaki rangi. Nilimwonyesha ufa: nikapitisha mkono mpaka kiwikoni, na jirani aliyekuwa anapita nje chini ya mwavuli akaushika, tukajuliana hali. Bi Nafuna alicheka mpaka akafuta machozi. Mimi nikajua tumefaulu.

Akaandika kwamba nyumba haifai kukaliwa na watu, na kwamba benki haiwezi kutoa fedha juu ya nyumba isiyofaa kukaliwa na watu. Aliyaandika hayo akiwa ameketi kitandani pangu, miguu ameiinua isilowe, kikombe changu cha chai ya tangawizi mkononi, na mbele yake tumekaa mimi, Hindu na Ajwang. Nikamuuliza kwa upole sisi anaotuona humu ni kitu gani. Akasema, Jaja, si mimi, ni mwongozo. Jaja ndivyo vijana wa Kampala wanavyotuita sisi mabibi, naye alilisema kwa mapenzi, ndiyo maana alimaliza chai yake kwa amani.

LALAMIKO LA TATU. Nilikuja ofisini kwenu kwa miguu yangu, ngazi zote zile, nikapumzika kila ghorofa kama mtu anayepanda kwenda kuhukumiwa. Afisa wa dirishani akanionyesha njia. Akasema nikaitengeneze nyumba kwanza, ifae watu, kisha nije nichukue mkopo wa kuitengeneza. Nikamwomba arudie. Akarudia, wala hakucheka. Nikamuuliza: na nikishaitengeneza, si mtanirudishia yule kijana wa pilau aseme ni nzuri mno? Akaitazama kompyuta muda mrefu, akaniambia hilo lingekuwa ombi jipya.

Mheshimiwa, huku ni kumwambia binti azae kwanza ndipo mumpose, na akishazaa mumwambie hafai kuposwa, ana mtoto. Ajwang anasema mfano huu nisiuweke. Nimeuweka.

LALAMIKO LA NNE ni dogo. Mlisema kwa kuwa sijui kusoma, nilete msomaji athibitishe kwamba nimeelewa mkataba. Nikamleta Ajwang, ambaye amemaliza kidato cha nne. Akausoma. Akausoma tena akifuata kwa kidole. Kisha akaninong'oneza kwamba hapa, Mama, hata mimi sijasoma. Nikamwomba afisa wenu athibitishe kwamba yeye ameuelewa. Akasema aliyeuandika ni mwanasheria, na mwanasheria yuko likizo. Kwa hiyo tulikuwa watu watatu juu ya karatasi ile, mmoja amesoma, mmoja ana tai, mmoja hajui alifu kwa kijiti, na tulikuwa sawasawa. Mimi sikupata hasara yoyote ya kukosa shule siku hiyo.

LALAMIKO LA TANO ni umri wangu. Mliniuliza nimezaliwa lini. Nilisema mwaka wa nzige. Mkauliza nzige wapi. Mwishoni mkanikadiria kama mnavyokadiria gunia la viazi, mkaona nimezeeka, mkasema kwamba mkopo ni wa miaka mingi, na mna wasiwasi nitakufa kabla sijaumaliza.

Mwanangu, na mimi nina wasiwasi huo huo, nimeishi nao muda mrefu kuliko nyinyi. Lakini niambie. Hii serikali inayonisimamia dhamana, yenyewe haikopi? Tunasikia redioni kila mara imekopa, na deni lake watalimaliza wajukuu wa wajukuu. Je, waliiuliza imezaliwa lini? Walimtuma mtu kuisikiliza kifua? Wakubwa wenyewe waliotia saini, wote watakuwepo siku ya mwisho ya kulipa? Au ukiwa mkubwa kiasi kile unaruhusiwa kufa na madeni, ila ukiwa Zubaida wa Kasubi unatakiwa uyamalize kwanza, ujifunike sanda mwenyewe, ndipo ufe? Mimi angalau Hindu yuko na afya, ana mikono miwili ya kusuka nywele, na nywele za watu hazijawahi kuacha kuota.

LALAMIKO LA SITA. Nilipokuwa nangoja kwenu nilikosa la kufanya, nikaikagua ofisi yenu. Taarifa yangu ni hii. Dari ya mapokezi ina doa la kahawia kubwa kama mkeka. Chini ya doa kuna ndoo. Ndoo ilikuwa na maji, na ndani ya maji kulikuwa na kalamu. Dirisha moja limezibwa kwa boksi la karatasi za fotokopi. Choo kimeandikwa kwamba kimefungwa kwa matengenezo, na kwa hali ya tepu ile, tangazo lenyewe linahitaji matengenezo.

Kwa kanuni ya Bi Nafuna, ofisi yenu haifai watu. Kwa kanuni ya kijana wa kwanza, ina pazia zuri la bluu, kwa hiyo haina tatizo lolote. Chagueni mojawapo, lakini mkishachagua, chagueni hiyo hiyo na kwangu. Nyinyi ndio mliopewa fedha za kutengeneza nyumba za nchi nzima, na mnakinga mvua kwa ndoo. Mimi niliona haya kwa niaba yenu. Nilitaka kukwambia basi, tuombe wote pamoja, mimi na wewe, kwenye dirisha moja.

Sasa naja kwenye maombi. Nimeyafikiria vizuri, si hasira.

Ombi langu la kwanza lilikuwa kwamba mpime ubovu kwa mabeseni, kama watu wenye akili: nyumba yenye beseni moja ni nzima, yenye mabeseni mengi ni kuukuu, na ikihitaji sufuria ya ugali basi ipewe mkopo siku hiyo hiyo. Lakini Hindu ananiambia serikali haiwezi kubadilisha mwongozo kabla ya Ramadhani, na mimi Ramadhani ndiyo mwisho wangu.

Kwa hiyo naomba kitu chepesi ambacho hakihitaji kubadilisha mwongozo wowote. Naomba niandikwe mbuzi.

Usikunje uso, nisikilize. Bi Nafuna ameandika kwa mkono wake na kupiga muhuri kwamba nyumba hii haifai watu. Hakuandika kwamba haifai mbuzi. Na nimesikia serikali hii hii ina mikopo ya mifugo, tena inatoka upesi. Jirani yangu wa juu huko alipata. Mtu wa mifugo alikuja akachungulia banda, akauliza kama lina hewa. Basi! Hewa sisi tunayo, inaingia kwenye ufa saa zote. Mbuzi haulizwi alizaliwa lini. Mbuzi halazimishwi kuleta msomaji. Hakuna aliyewahi kumwambia mbuzi akajenge banda kwanza ndipo apewe mkopo wa banda. Na mbuzi akifa na deni, watu wanakula nyama, hakuna anayekwenda mahakamani.

Mimi nala kidogo, silali nje, na sigombani na jirani ila akianza yeye. Maziwa sina tena, hilo nalisema mapema lisije likaonekana udanganyifu. Hindu mwandikeni kondoo, ni mpole. Ajwang mwandikeni punda, kwa sababu anabeba mizigo ya watu wote na ukimgusa anapiga teke. (Sentensi hiyo ameiandika kwa kinyongo, ndiyo maana herufi zimelala.)

Na kama ofisi yako itaona haya kumwandika mama wa watu mbuzi, basi ione haya pia kumwandika si mtu. Ama sisi ni watu, na nyumba inakaliwa na watu kwa kuwa tumo, mtupe mkopo. Ama si watu, mtupe wa mifugo. Lakini msituache hapo katikati, mvua inanyesha, Bashir anangoja, na yule wa hosteli amekwishakuja kupima uwanja kwa kamba. Alipitisha kamba yake juu ya mchicha wangu. Sikumwambia kitu. Ajwang alimwambia, kwa Kijaluo, na hakuhitaji kutafsiriwa.

Nikose nyumba hii, Mheshimiwa, na sijui tena niwapikie wapi hawa. Hilo ndilo shauri lote. Mengine nimeyasema ili usisinzie.

Nisalimie wote hapo ofisini. Msalimie afisa wa dirishani, umwambie ameanza kukonda, aoe au ajifunze kupika. Msalimie askari wa getini aliyenipa kiti chake akasimama yeye. Mama yake alifanya kazi nzuri. Msalimie kijana wa kwanza, na mama yake, na umwambie pilau si neno ila hotpoti ni ya kurudisha. Msalimie Bi Nafuna sana. Nimeona anakohoa, achemshe tangawizi na limau, aache soda za baridi. Mwanasheria akirudi likizo msalimie, umuulize aliandika nini. Na Waziri pia msalimie, ingawa hatujuani, maana na yeye ni mtoto wa mtu.

Mungu akuweke, akupe afya na paa zima.

Ni mimi niliye kwenye mabeseni,
Zubaida binti Zaid
(dole gumba hapa chini, weusi mwingine ni masizi ya sufuria)

NYONGEZA, maneno ni yangu, mkono ni wa Hindu

Mheshimiwa, bahasha haijafungwa bado, mtu wenu amepiga simu. Tumekubaliwa. Anasema Bi Nafuna alitupigania kwenye mkutano wenu mpaka sauti ikamkauka, wakakubali tununue kwanza na mabati yafuate. Mungu amlipe, nimemwombea nikiwa nimesimama.

Kisha akanisomea sharti. Nyumba ya mkopo wa serikali ni ya kukaa mwenyewe na jamaa zake wa damu, si ya kupangisha. Mpangaji atoke kabla sijaweka dole.

Nikamwambia Ajwang si mpangaji, ni mwanangu. Akauliza kama nina cheti chake cha kuzaliwa. Nikamwambia mwaka juzi malaria iliponiangusha, aliyenibeba mgongoni mpaka zahanati ni nani, na cheti alikuwa nacho? Akasema ananielewa, ila kompyuta haina mahali pa kuandika hilo.

Ajwang ametupa kalamu. Ameniita kizee mpumbavu, ndani ya nyumba yangu, na majirani wanasikia. Anasema atapata chumba kwingine, atakuja kututazama kila Ijumaa, na mimi niweke dole upesi kabla hamjageuza mawazo. Nikamwambia nyamaza ufunge mizigo yako. Akafunga, huku analia na kutukana. Nami nikafunga yangu. Hindu akafunga yake. Tukajikuta watatu mlangoni na magodoro, na hakuna aliyekuwa anamsindikiza mwenzake.

Kwa hiyo hayo yote niliyolalamika hapo juu yafuteni. Bashir nimemwambia amlete mtu wake wa hosteli. Hindu, kwa kuwa anasukia watu nywele Kawempe, ametupatia nyumba ya kupanga huko bondeni. Paa lake halivuji hata tone. Mvua ya kule inaingia mlangoni.

Mkopo mpeni mtu mwenye watu wachache. Huko kwenu hawakosekani.